Salamu za Adabu

Bibi Winfrida alipata habari za kipindi chake kama walivyozipata wasikilizaji wengine wote wa Redio Uwele. Alikuwa ameketi uani, miguu ameinyoosha, ungo wa uwele uko mapajani na redio imetundikwa kwenye msumari wa mlango. Taarifa ya habari ya jioni ilikuwa imekwisha. Walikuwa wamesema bei ya alizeti imeshuka, chanjo ya kuku inaendelea, na barabara ya kwenda Ikungi itachongwa, jambo ambalo husemwa kila mwaka ili watu wasisahau kwamba barabara ipo. Kisha ikaja sauti changa ya Calist, mkuu mpya wa vipindi, ikasema kuanzia wiki inayoingia ratiba itabadilika.

Akayasikiliza mabadiliko hayo kwa utulivu wa mtu ambaye hayamhusu. Kipindi cha mifugo kitahamia asubuhi. Kwaya na kaswida zitapeana zamu, ili Wakristo na Waislamu waache kuhesabiana nyimbo. Wanafunzi watapata kipindi chao wenyewe, kiitwe Kijana Shambani, ingawa kijana wa shambani saa hiyo huwa amelala. Mwisho Calist akasema kwamba Salamu za Jumamosi zitakuwa nusu saa badala ya saa nzima, zitasomwa kwa lugha ya staha, na hakutakuwa tena na kejeli wala utani hewani.

Ungo ukasimama. Jikoni, Magreth, mke wa mwanawe, aliacha kusonga ugali akatoa kichwa nje kuona mama mkwe amelipokeaje. Bibi Winfrida akasema uwele wa mwaka huu una mawe mengi, akaendelea kupepeta. Ulikuwa umeshapepetwa, hauna hata jiwe.

Redio yenyewe ilikuwa mali ya chuo cha kilimo kilichoko nje kidogo ya Mungaa, kati ya yale majabali makubwa, na mnara wake ulikuwa umefungwa nyaya kwenye mawe kwa sababu ya upepo. Chuo kiliifungulia jamii milango. Mkulima akiwa na neno aliingia akalisema, wanafunzi wakashika mitambo. Bibi Winfrida alikwenda mara ya kwanza kutangaza punda aliyepotea. Punda alirudi mwenyewe jioni ileile, lakini wasikilizaji walikuwa wamecheka mno na lile tangazo, hata wakaomba yule bibi arudi pia. Tangu hapo Jumamosi ikawa yake. Shule aliishia darasa la saba, lakini herufi hazikumtisha, na mdomo ulikuwa umesoma zaidi.

Na kilichoinogesha Jumamosi kilikuwa kitu kimoja: Mazengo wa Kintinku.

Huyu alikuwa Mgogo, mfugaji, na Bibi Winfrida ni Mnyaturu, na kwa desturi ya wazee wao jambo hilo lilitosha kuwafanya watani. Marehemu Isaka, mume wa Bibi Winfrida, alikuwa akipeleka ng'ombe minadani huko kwa Mazengo. Alipofariki baada ya kuugua sana, Mazengo alikuja kuzika kama mtani anavyozika. Aliingia kaburini kabla ya jeneza, akajilaza, akasema pamekaa vizuri na hatoki mpaka apewe kuku, maana huyo Isaka alikuwa mchoyo na hata udongo utamkataa. Watu wakacheka huku wanalia. Bibi Winfrida naye akacheka, pale ukingoni, na ilikuwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uingie nyumbani. Kicheko kile hakukisahau. Alijua ndicho kilichomfikisha nyumbani siku ile bila kubebwa.

Kwa hiyo kila Jumamosi alimlipa. Alitangaza kwamba huko Kintinku treni ikinguruma watu hutoa ndoo nje wakidhani ni radi. Mazengo, ambaye alilazimika kupanda juu ya kichuguu nyuma ya zizi lake ili mawimbi yamfikie, alituma ujumbe wa simu studioni kwamba kuku wa Singida ni wakubwa kwa sababu Wanyaturu wanaogopa kuwachinja na kila asubuhi wanawaamkia shikamoo. Ujumbe huo aliusoma Bibi Winfrida mwenyewe, kwa sauti ya kupendeza, bila kuruka neno. Wote wawili hawakuwahi kupeana namba za simu. Bibi Winfrida alipoulizwa kwa nini, alisema utani wa simu ni kama kucheza ngoma ukiwa chooni: jasho litakutoka, lakini nani amekuona?

Asubuhi ya pili yake akavaa khanga zake zilizopigwa pasi akaenda chuoni.

Calist aliinuka alipomwona, akampa shikamoo na kiti. Alikuwa kijana mwenye adabu, mrefu, suruali imembana kama amezaliwa nayo, na macho yalionyesha kwamba alikuwa akiuogopa ujio huu.

"Marahaba," akasema Bibi Winfrida. "Nimekuja kuiona hiyo staha, nijue inakaa wapi nisije nikaikanyaga."

Calist akaeleza, na alieleza vizuri. Wenye kutoa leseni walikuwa wamezionya redio zote kuhusu lugha. Msikilizaji mmoja alikuwa amepiga simu akiuliza kama siku hizi chuo kimefungua kilabu cha pombe. Halafu kulikuwa na lile suala la mbuzi. Hapo Bibi Winfrida akatazama dirishani. Wiki mbili nyuma, utamu ulipomzidi, alikuwa amesema hewani kwamba mkuu wa chuo amewafuga wale mbuzi wa shamba la mafunzo mpaka wamemwachia ndevu. Mkuu wa chuo alikuwa mtu wa kutoka mbali, upande wa ziwani. Ndevu alikuwa nazo kweli, lakini hakucheka.

"Bibi, sikukufukuza," Calist akasema. "Ningetaka kukufukuza ningenyamaza tu, wenye leseni wangekuja kuifunga redio wenyewe. Soma salamu. Soma kwa adabu. Au kama ni kazi nzito, Severina atakusomea, wewe upumzike."

Severina alikuwa mwanafunzi wa kwenye mitambo, binti mpole aliyezoea kumwekea bibi maji ya uvuguvugu. Bibi Winfrida alimpenda, lakini alilipima lile neno kupumzika akaliona lina harufu ya sanda. Akiipoteza Jumamosi, wiki nzima ingebaki ni ungo, jiko na kanisa, na Mazengo angebaki juu ya kichuguu akisikiliza nyimbo. Akasema atasoma.

Jumamosi ilipofika alisoma. Aliwasalimu wa Ulemo kwa upendo, akawasalimu wa Puma kwa amani. Salamu zilitoka zimechemka vizuri, hazina chumvi. Alipofika kwa Mazengo alisita. Kumruka aliona si haki, mtu amepanda kichuguu. Kumtania alikatazwa. Basi akavuta pumzi, akasema kile ambacho kijana yule angekipenda:

"Namsalimu Mzee Mazengo wa Kintinku. Namtakia afya njema, amani ya moyo na maisha marefu, yeye na nyumba yake yote. Mungu ambariki."

Severina akainua kichwa kutoka kwenye mitambo kama aliyesikia kioo kimepasuka.

Maana mtani hasalimiwi hivyo. Mtani akikuombea maisha marefu, ujue yake ameyaona yanafupika. Mtu husamehe watani wake siku anapofunga mizigo ya safari ile isiyo na tiketi ya kurudi. Hilo halikuandikwa popote, lakini kuanzia Mungaa hadi bondeni Kintinku kila aliyekuwa na redio alilielewa kabla wimbo haujaanza.

Aliporudi nyumbani alimkuta Magreth ameshamtandikia kitanda upya. Hakuambiwa kwa nini, akaletewa uji. Jioni Lea wa jirani akaja na mayai, akaketi karibu mno, akauliza kwa sauti ya hospitalini anaumwa wapi hasa. Bibi Winfrida alifahamu kilichotokea, na angeweza kulimaliza kwa neno moja. Lakini mayai ni mayai. Alisema tu kwamba mwili wa mtu mzima una siri nyingi, akamwomba Lea, kama atarudi kesho, asisahau asali.

Jumapili hata katekista alimpisha benchi la mbele. Jumatatu wazee wawili walikuja wakajadili, yeye akisikia, mvua itanyesha lini na kama udongo bado ni mgumu kuchimba. Hapo kidogo akaanza kuona kwamba mchezo umekua kuliko mchezaji.

Jumanne mchana upepo ulikuwa umetulia, jambo la nadra. Alikuwa uani akivipiga vichwa vya alizeti kwa fimbo aliposikia sauti ya mwanamume ikija kutoka barabarani, inapayuka.

"Msilie, jamani. Mnyaturu mmoja akipungua, kuku watapata kupumua. Alikuwa mchoyo huyu. Alikuwa hajui kupika hata maji. Nionyesheni mahali, nimekuja na jembe langu, majembe yenu mabovu."

Hakuna aliyekuwa analia. Watoto walikuwa wanamfuata nyuma kwa furaha. Mazengo akakata kona ya boma, jembe begani, mfuko mkononi, viatu vimejaa vumbi la safari ya basi na bodaboda. Akamwona marehemu ameshika fimbo.

Akasimama, watoto wakamgonga mgongoni.

"Kumbe hujafa," Mazengo akasema, sasa polepole.

"Nakungoja wewe. Mkubwa hutangulia."

Kwa kawaida hapo wangeanza ile kesi ya nani alizaliwa mwaka wa nzige na nani baadaye. Lakini Mazengo hakuitika. Aliliweka jembe chini, akaketi juu ya jiwe, akashika pindo la shati na kujipangusa uso, akakaa nalo hapo usoni kwa muda mrefu kuliko uso unavyohitaji. Akasema vumbi la huku ni baya. Bibi Winfrida akamletea maji kwenye kata, akamgeuzia mgongo, akaanza kuwafukuza kuku ambao hawakuwa wamekosa lolote.

Alipokwisha kunywa, Mazengo alieleza. Mkewe alipoisikia ile salamu alizima redio, akaingia ndani, akaanza kumfungia nguo za safari. Habari za namna hiyo haziulizwi kwa ujumbe wa simu. Mtu anainuka anakwenda. Ila hakuwa na nauli mpaka alipouza mbuzi mnadani Jumatatu. Kwenye basi kondakta akathibitisha kwamba ndiyo, Mungaa kuna msiba, na hakusema uongo, maana Mungaa haikosi msiba. Basi njia nzima, tangu bondeni mpaka Ikungi, alikuwa akitafuta maneno ya kumtukana nayo kaburini, na kila alilolipata lilikuwa linamkwama kooni.

"Nani aliyekufunga mdomo?" akauliza.

Bibi Winfrida akamsimulia ratiba mpya, staha, na yule kijana. Akasimulia vizuri, akawa anajihurumia kwa ufundi. Mazengo akauliza imeanzia wapi. Akasema ni kitu kidogo tu, ilikuwa mbuzi na ndevu. Mazengo akataka kusikia hicho kitu kidogo chote, akakisikia, na hakucheka hata kidogo.

"Mkuu wa chuo ni mtani wako kwa upande gani?"

Bibi Winfrida akasema mtu mwenye ndevu za namna ile ni wa watu wote.

"Si wa watu wote. Ni mgeni wenu. Utani una mipaka kama malisho, wewe umeingiza ng'ombe kwenye shamba la mtu. Kijana amekosea, lakini fimbo umempa wewe."

Hakuna mwingine ambaye angemwambia hivyo akabaki kwenye jiwe lake. Huyu alimjazia kata ya maji mara ya pili. Magreth, aliyekuwa anasikiliza mlangoni, alikwenda kumkamata jogoo wa mgeni, furaha imemzidi.

Walipokwisha kula walikwenda chuoni wote wawili. Mazengo aliingia studioni na jembe lake, akapeana mikono na Severina, akaangaza macho, akaziona zile hedifoni za mtangazaji zimetundikwa kwenye kiti. Akazichukua, akazivaa juu ya kofia yake, akakalia kile kiti.

Calist akatoka chumba cha pili mbio. Alisema, shikamoo mzee, samahani, hivyo ni vifaa vya kazi.

"Marahaba. Baba yako ni wa wapi?"

Calist akasema baba ni wa hapahapa Ikungi, ila yeye amekulia Morogoro.

"Mnyaturu?"

"Ndiyo."

"Basi umekwisha," Mazengo akasema kwa upole. "Wewe ni mtani wangu, na umeniita kwenye msiba ambao haupo. Mtani akiitwa msibani haondoki mikono mitupu. Hivi ninaondoka navyo mpaka mvikomboe. Na hiyo suruali, mwanangu, umeivaa au umepakwa?"

Severina ndiye aliyeanza kucheka, akajificha nyuma ya mitambo. Calist alimtazama Bibi Winfrida kuomba msaada. Bibi Winfrida alikuwa anachunguza dari. Kijana akajaribu kukunja uso, uso ukakataa, akacheka kwa aibu mpaka akaketi juu ya spika.

Alipotulia aliuliza, na aliuliza kwa kutaka kujua, imekuwaje salamu nzuri vile imtishe mtu. Mazengo akamwambia lile la mkewe kuzima redio na kufunga nguo. Calist akasema baba yake alikuwa na rafiki mmoja huko Morogoro ambaye walikuwa wakitukanana kila walipokutana, na yeye utoto wake wote aliamini wale watu wana ugomvi.

Kisha akasema wazi kilichobaki. Utani wa mtani kwa mtani angeweza kuutetea mbele ya mtu yeyote, msomaji akisema kabla ya kuanza kwamba huyu ni mtani wangu. Nusu saa itabaki nusu saa, ratiba imeshapitishwa. Lakini kwa mkuu wa chuo hana la kusema. Yeye hakuwa mtani wa mtu, na aliumizwa.

Mazengo alikizungusha tu kile kiti kidogo, akamtazama Bibi Winfrida, zile hedifoni zikiwa bado juu ya kofia.

Kuomba radhi halikuwa jambo alilolifanya mara kwa mara. Hata Isaka, katika ndoa yao yote, alizipata kwa njia ya mchuzi tu, siku nyama ilipoongezwa bila maelezo. Bibi Winfrida alirekebisha khanga begani, akairekebisha tena.

"Nitamwomba radhi," akasema. "Hewani, palepale nilipomchafua."

Calist akapanda kwenda ofisini kwa mkuu wake. Alikawia. Aliporudi alikuwa amebeba soda za kukombolea hedifoni, wakajua imekubaliwa.

Mazengo alilala kwa katekista, na asubuhi Bibi Winfrida alimsindikiza mpaka kwenye bodaboda. Alikuwa ameshapanda, jembe limefungwa nyuma, alipoinama akasema chinichini:

"Lile vumbi la jana."

"Vumbi gani?"

"Unalijua."

"Silijui," akasema Bibi Winfrida. "Labda nitalijua Jumamosi."

Mzee akaondoka amegeuza shingo nyuma, mpaka bodaboda ilipozama kwenye mteremko.

Jumamosi Calist alisimama nyuma ya kioo, mikono ameifunga kifuani. Severina akainua kidole, taa nyekundu ikawaka. Bibi Winfrida alianza na lililo gumu. Akasema yeye ni Winfrida, mjane wa Isaka, na kwamba alimtania mkuu wa chuo ilhali si mtani wake, akamkosea mbele ya watu, na mbele ya watu hao anamwomba radhi. Sauti ilimtetemeka kidogo na hakuificha. "Mbuzi wako ni wazuri," akamalizia, "na ndevu zako ni zako." Calist alishika kichwa, lakini taa hakuizima.

Salamu za Ulemo zikapita, za Puma zikapita. Dakika zilikuwa zinakwisha.

"Sasa yuko mtu Kintinku anaitwa Mazengo. Huyu ni mtani wangu, mkuu wa vipindi ananisikia. Huyu Jumanne alikuja kwangu na jembe kunizika, hakuuliza hata kama niko tayari. Aliponikuta mzima aliketi kwenye jiwe. Nataka niwaambie nilichokiona machoni mwake."

Akanyamaza. Alijua huko chini kuna mtu ameikumbatia redio kwa mikono miwili. Akamwacha aikumbatie. Severina alionyesha kwa mkono kwamba muda umebaki kidogo, naye akaitikia kwa kichwa kama mtu mwenye siku nzima.

"Niliona tamaa. Alikuwa anamtazama jogoo wangu kwa tamaa ambayo sijaiona kwa mtu aliyebatizwa. Nikamchinjia, nifanyeje? Kala mpaka mifupa ikaomba msamaha. Mazengo, hapa hakuna maisha marefu ya kukutakia. Haya uliyonayo umeyatumia vibaya."

Wimbo ukawekwa. Haujafika kiitikio, simu ya studio ikatoa mlio, Severina akaisoma, akaziba mdomo, akaisukuma mezani. Nusu saa ilikuwa imekwisha. Bibi Winfrida akamtazama Calist kupitia kioo. Calist akatazama saa ya ukutani, akatazama sakafu, akainua kidole kimoja.

Basi akaivuta simu karibu na macho na kuusoma ujumbe wa Kintinku kwa ile sauti yake ya kupendeza: kwamba jogoo yule alikuwa mgumu kama ukoo uliomfuga, kwamba alichomwa akiwa bado anakohoa, na kwamba mpishi wake amebakiwa na meno mawili ambayo hayasalimiani. Hapo kwenye meno alirudia mara mbili, ili wa mbali nao wapate.